Mtungi Ulioongezeka Uzito

Hebu fumba macho kidogo, uone chumba cha maabara mjini Kuching, saa sita mchana. Mezani kuna mtungi wa kahawia wenye mchoro wa joka ubavuni, wa aina ambayo Wachina wa pale walihifadhia mifupa ya wazee wao. Mifupa imeondolewa ili upimwe. Juzi, ukiwa mtupu, ulikuwa na kilo sita. Leo una saba.

Daktari Liew Siok Hoon, mtafiti wa vyombo vya kale, alidhani mizani imeharibika. Dayang, fundi wa mashine, akaijaribu kwa mawe yake, ilikuwa sawa. Kisha akamtazama mwenzake.

"Dada Hoon, sketi inakukimbia. Ni mchumba au minyoo?"

Hoon alicheka. Alipokwenda kujipima, alikuta amepungua kilo moja.

Siku tatu baadaye mtungi ulifika kilo kumi, chumba kikanuka udongo mbichi na moshi wa tanuri, na kila Hoon alipougeuzia mgongo alisikia kitu kikitafuna, taratibu, kama mtu aliyeona chakula kingalipo kingi, hadi pete ikamdondoka kidoleni na kalamu ikamshinda kuinua. Dayang alinong'ona kwamba humo mna jini, na kwamba Hoon hatafika Jumapili.

Wakamwita Teck Seng, mtunza hekalu. Alirusha sakafuni vipande viwili vya mbao vya kuulizia wafu, ambavyo hujibu kwa jinsi vinavyoanguka. Aliuliza kama marehemu wa mtungi ule ana njaa. Hapana. Kama anataka kurudishwa China. Hapana, mara tatu, na kipande kimoja kikapasuka.

"Nani kasema kwao ni China?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi. Nilitazama rangi tu, nikaandika lebo: Guangdong, China. Ijumaa ukoo wake unamsafirisha huko."

"Na mashine yako inasemaje?"

"Sikuiuliza," Hoon akakiri. Alikuwa na miaka ishirini kazini. Aliliamini jicho lake.

Dayang akawasha mashine ya mionzi, ile inayosoma madini ya udongo. Jibu likaja: udongo wa ng'ambo ya mto, palepale Kuching. Hoon alichana lebo, akapiga magoti, akasoma tarakimu zote kwa sauti.

"Kwenu ni hapa, babu. Nisamehe."

Kutafuna kukakoma. Alasiri ile Hoon aliweza kumeza uji.

Ndipo rafu iliyokuwa nyuma yao ikatikisika. Vifuniko vya mitungi arobaini vikaanza kucheza, kimoja baada ya kingine. Yote ilikuwa na lebo za mwandiko wa Hoon, zilizoandikwa kwa jicho tu, na mashine husoma mtungi mmoja kwa siku.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu, mwanangu: usimwambie mtu kwao ni wapi kabla hujamuuliza.