Pongezi Zilipita, Jibu Likazuiwa

Simu ilimkuta Fundi mikono yote miwili imejaa plasta mbichi, anajaza kalibu ya taya la bibi mmoja aliyekuwa akisubiri meno yake ya bandia. Akaipokea kwa kiwiko.

"Hongera mwanangu," mama yake alisema, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Ila ndiyo nisikie kwa jirani?"

"Hongera ya nini, mama?"

"Ya uchumba. Binti wa jirani si yuko kwenye chama chenu? Amesoma kwenye barua pepe."

Fundi alimwambia atampigia baadaye. Plasta ikamgandia vidoleni amesimama hapohapo.

Chama chao cha mafundi wa meno kilikuwa na orodha ya barua pepe: unaandika barua moja, inawafikia wanachama wote. Zamani kila mtu aliandika apendavyo, mpaka wauza viwanja na wauza dawa za kuotesha nywele wakaivamia. Ndipo wanachama wakakubaliana kwamba kila barua ipite kwanza kwa Katibu, ya maana aipitishe, ya upuuzi aitupe. Katibu mwenyewe alikuwa mtanashati, mpole wa kusema, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akimfuata Fundi kwa heshima zote. Wiki ile alimwomba amuoe. Fundi akamwambia, nipe mpaka Jumamosi, nitakujibu. Yule bwana akatabasamu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kumbe mwenzake alishaona Jumamosi ni mbali.

Fundi akanawa, akafungua barua pepe. "Ndugu wanachama, kwa furaha kubwa nawatangazia kwamba mimi na Fundi wetu tumechumbiana." Chini yake pongezi zimepangana. Hata mzee mmoja ambaye huwa haandiki ila kulalamikia nta mbovu ya kuundia meno, naye kamtakia watoto mapacha.

Akaandika papo hapo: "Asanteni kwa pongezi zenu. Ila sijachumbiwa na mtu. Niliulizwa, na bado sijajibu." Akatuma. Jibu likaja lenyewe: *Ujumbe wako unasubiri idhini ya msimamizi.*

Akasubiri. Akachonga meno, akayasugua, akasubiri tena. Pongezi zilikuwa zinapita tu, moja baada ya nyingine, na ya kwake imekaa. Jioni ikatoka. Ilikuwa na jina lake chini, na juu maneno manne tu: "Asanteni kwa pongezi zenu."

Basi. Mengine yote yamekatwa.

Akaisoma mara ya pili. Mtu kamfungua kinywa, kachukua neno analolitaka, kisha kamfunga. Akavua aproni, akaenda moja kwa moja ofisini kwa Katibu.

"Umekata barua yangu."

"Nimeifupisha," Katibu alisema, akimvutia kiti. "Msimamizi anaruhusiwa, ipo kwenye kanuni."

"Kanuni hiyo tuliiweka kwa ajili ya wauza viwanja."

"Mpenzi, usikuze mambo. Nilijua utakubali, nimetangulia kidogo tu."

"Ipitishe yote."

"Ili wanicheke?" Akamshika mkono, akaupapasa kwa kidole gumba. "Hebu tulia. Tukishaoana nitakutoa kwenye foleni. Utakuwa unaandika moja kwa moja, bila kupitia kwangu."

Alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mtoto peremende. Fundi alishawahi kushika meno yaliyooza na fizi zenye usaha, akarudi nyumbani akala vizuri. Kidole kile kilimshinda. Akauvuta mkono wake na kuufuta kwenye sketi.

Mtaka cha mvunguni huinama, lakini huyu alitaka kitanda kizima kiinuliwe apite.

Katiba ya chama ilitaka orodha iwe na msimamizi wa pili. Katibu alimchagua Mama Hazina, mtunza fedha wao, mtu mzima asiyependa kompyuta, akijua hataigusa orodha hiyo. Fundi akampigia, akamweleza yote bila kupunguza.

"Nywila aliniambia niitunze tu, nisihangaike nayo," Mama Hazina akajibu. "Basi nimeitunza. Njoo asubuhi. Na yeye nitamwita, sipendi kumsema mtu kisogoni."

Asubuhi wakakutana wote watatu kliniki kwa Mama Hazina, kabla ya wagonjwa. Mama Hazina akavaa miwani, akawa anabonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Barua ya Fundi ilikuwapo kwenye kumbukumbu za orodha, nzima kama ilivyoandikwa. Akaisoma yote. Kisha akamtazama Katibu kama mtu aliyekanyaga kitu njiani.

"Mama, nakuomba," Katibu akasema. Sauti ya upole ilikuwa imekwisha. "Nitaandika mwenyewe kwamba tulipishana kidogo."

"Jana ulikuwa na nafasi ya kuandika, mwanangu." Akamgeukia Fundi. "Barua ni yako. Ipite kama ilivyo?"

"Niongeze sentensi moja, mama."

Akapewa kiti. Akaongeza: "Leo nimejibu: hapana."

Katibu akaisoma akiwa nyuma yake. "Lakini ulisema Jumamosi," akasema, na safari hii alionekana ameumia kweli.

Fundi akainuka. Alimpenda yule mtu, na hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi.

"Jumamosi nilikuwa nakuja kukubali," akamwambia. "Hata nguo nilishazipiga pasi."

Katibu akatafuta kiti, akakaa. Mama Hazina akarekebisha miwani, akabonyeza.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya Katibu mwenyewe, maana naye ni mwanachama.