Mshenga wa Bastien

Penina alikuwa akichagua vitenge katika soko la Majengo, gauni lake la manjano likipepea, alipopamiwa na Mfaransa mrefu mwenye shati lililokunjamana.

"Samahani, dada."

"Samahani haifuti alama ya kiatu, kaka. Tazama mguu wangu!"

Mfaransa huyo, Bastien, akacheka. Kwao Ufaransa alikuwa na jina: alianza kwa kuwaandikia wengine filamu, kisha akaongoza zake. Sasa alikuwa anapiga nyingine Dodoma. Aliposikia Penina ni fundi cherehani, akamwajiri kushona mavazi ya waigizaji, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Kilichomtia Penina hofu ni simu ya Hilda, mpambaji wa waigizaji.

"Shoga, umeziona filamu zake za nyuma? Kila mwanamke aliyempenda amemtia humo. Filamu ikiisha, mapenzi nayo yameisha."

Tangu hapo usingizi ukampaa. Bastien akimwita "mpenzi", alijiuliza kama neno hilo limeshaandikwa mahali.

Jumamosi alifika kwao Ihumwa. Sebuleni baba yake alikuwa amekaa na Zablon, yule aliyeigiza mshenga katika filamu. Amevaa koti la kahawia, lile lile Penina alilomshonea kwa uigizaji huo!

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, umeletewa posa."

Penina akatoka nje, akachungulia nyuma ya zizi, juu ya paa, kila mahali. Kisha akapiga simu.

"Bastien, kamera umeificha wapi?"

"Kamera gani, mpenzi?"

"Baba yangu si mwigizaji! Ameshawaita baba zangu wadogo. Ukimfanya kichekesho, atakufa kwa aibu!"

"Penina, niliambiwa mchumba haendi mwenyewe, anatuma mshenga. Hapa sina ndugu. Mshenga ninayemjua ni Zablon."

"Na koti?"

"Alisema hana jingine zuri."

Penina alitaka kucheka, lakini maneno ya Hilda yakamrudia.

"Na filamu ikiisha?"

"Zile zote nilijua zitaishaje kabla sijaanza. Hii sijui. Naogopa sana."

Hakuwahi kumsikia akiogopa. Machozi yakamtoka.

"Penina!" baba akaita. "Mgeni anangoja jibu lako."

Akaingia, akapiga magoti.

"Mbona unatetemeka? Kuna aliyekulazimisha?"

"Hapana, baba. Naogopa tu. Lakini nimekubali."