Mayi Pire kwa Jicho la Fatouma

Itangazwe kwa wakaaji wote wa Mangobo, wakubwa kwa wadogo: Fatouma, binti wa Papa Mahmoudi, ameaga miwani. Sasa anavaa lantiye, vioo vidogo laini vinavyokaa juu ya jicho lenyewe.

Wiki ya tatu, jicho la kuume likawa jekundu kama mawese. Likauma, likatoa machozi. Fatouma akashindwa kuingiza uzi kwenye sindano. Zilibaki wiki mbili tu afike mbele ya jury, wale wasahihishaji wa mtihani wa ushonaji.

Tantine Nuru, jirani yao, ni muuguzi wa macho.

"Toa lantiye sasa hivi," alisema alipoliona jicho. "Unalalaka nayo?"

"Hapana, tantine. Ninanawaka mikono na sabuni, ninaitoa, ninaiweka mu dawa yake. Chupa ni hii."

Nuru akaiinua chupa. "Wiki tatu, na ingali imejaa? Iko chupa ya miujiza? Mutu aliongeza mayi humu."

Kisha sauti fulani mlangoni ikauliza: "Hata mayi pire, ile safi ya kuuzwa mu kifuko, iko mubaya?"

"Ile iko pire, safi, ya kunywa tu, si ya jicho. Maji yoyote yanaweza kuwa na vijidudu. Chini ya lantiye vinakaa kama wapangaji, vinakula jicho. Ukichelewa, unakuwa kipofu."

Mawazoni Fatouma aliiona cherehani yake ikiuzwa.

Saa hiyo hiyo wakapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka kliniki ya macho. Daktari akampa dawa ya matone. Fatouma akatupa lantiye, kikopo chake cha kuhifadhia na chupa, akarudia miwani yake ya zamani.

Jicho likapona. Mbele ya jury alishona kanzu isiyo na mshono uliopinda, akawa wa kwanza. Papa Mahmoudi aliivaa kanzu ile kwenda msikitini, akipita njia ndefu ili wote waione.

Leo Fatouma ana lantiye mpya. Kila siku anamwaga dawa ya jana, anaweka mpya, na chupa anaifungia kabatini.

Mnauliza nani aliongeza maji? Mwandishi alitaka kuruka hapo. Lakini Fatouma amesimama nyuma yangu na mkasi, anasoma.

Bon, basi. Ni mimi, Daudi, mdogo wake. Nilimwaga dawa nikicheza, nikajaza mayi pire, kwa sababu jina lake ni pire.

"Andika pia kama uliomba pardon," anasema.

Sikuomba. Ninaomba sasa.