Mlango Ulio Chini ya Viazi

Asubuhi za mwezi wa Julai, mtaa wa Waithaka huamka polepole. Ukungu hulala juu ya mabati, juu ya migomba na nyaya za stima, na sauti za watu hufika kabla ya watu wenyewe. Kui alikuwa amezoea. Kila siku kabla ya kwenda shule alimpelekea nyanya yake, Shosho, chai shambani, kikombe kimefunikwa kwa kisahani, akimtafuta kwa masikio: jembe likikwaruza, kikohozi kidogo, wimbo wa kanisani usio na maneno.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande tu, nyuma ya vyumba vya wapangaji. Majirani walikuwa wamejenga hadi mwisho wa ua, lakini Shosho Waringa alikataa. "Nikijenga hapa," alikuwa akisema, "viazi nitapanda kitandani?"

Asubuhi hiyo hakukuwa na wimbo. Shosho alikuwa ameinama juu ya tuta la viazi vitamu, ameshika mmea ulionyauka.

"Ona, Kui. Huu nao umelala."

Kando ya tuta palikuwa na marundo ya udongo mpya, mwekundu, laini kama unga wa wimbi. Kui alisogea aone vizuri. Ardhi ikazama chini yake, mguu ukaingia mpaka kwenye kifundo, na chai ikamwagika.

"Uuwi! Shosho, kuna shimo!"

Kiragu, mjomba wake Kui, ndiye aliyesimamia vyumba vya wapangaji. Alisikia kelele, akaja na ndoo yake ya maji mkononi.

"Nini kimechimba hapa?"

"Ni sungura wa Joyline," Kui akasema. "Nimewaona wakichimba."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Maneno yalikuwa yametoka haraka kuliko yalivyofikiriwa. Ni kweli Kui alikuwa amemwona sungura mmoja, yule mweupe aitwaye Pamba, akitafuna jani pembeni mwa shamba. Kuchimba hakumwona. Lakini jana yake Joyline alikuwa amekataa kumpa Pamba ambebe, tena mbele ya watoto wote wa ploti ile ya wapangaji, na uchungu wa jambo hilo ulikuwa bado haujaisha.

Kiragu hakukawia. Alikwenda kwa baba yake Joyline, fundi wa mawe aitwaye Odero, aliyepanga chumba cha mwisho.

"Baba Joyline, hatuna ubaya na wewe. Lakini sungura wenu wanamaliza chakula cha mama yangu. Jumamosi wawe wameondoka."

Odero alitazama chini, akaitikia. Hakutaka ugomvi na wenye nyumba. Alisema ana rafiki anayechoma nyama Kenyatta Market, atawapeleka huko. Hakuna mtu kwenye ploti aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Kesho yake Joyline alimsubiri Kui kwenye bomba la maji la shule.

"We Kui, umekuwa kamera siku hizi? Ulimwona Pamba akichimba?"

"Nilimwona."

"Kucha zake zilikuwa na udongo?"

Kui alifungua bomba, ingawa chupa yake ilikuwa imejaa.

"Sawa," Joyline akasema. "Ngoja Jumamosi utamwona tena. Kwenye sahani, na kachumbari kando."

Hakulia. Angelia, labda Kui angepata la kusema. Macho yale makavu yalimfuata darasani, yakamfuata njiani, yakakaa naye mezani jioni, na ugali ukamshinda.

Jumamosi Kui aliamka mapema bila kuitwa. Alimkuta Shosho shambani, ameketi juu ya gunia, na kijiti mkononi.

"Umekuja vizuri. Mjomba wako amewauliza watu. Mimi nimekuja kuliuliza shimo."

"Shimo linasema, Shosho?"

"Usipoliharakisha. Kaa hapa." Alimwonyesha upana wa shimo kwa viganja. "Nungunungu angepita hapa? Tumbo lake lingekwama. Tena nungunungu huangusha miiba, na mimi sijaona hata mmoja. Haya, shika mmea huu. Majani yako wapi?"

"Yote yapo."

"Na kiazi?"

Kui aligeuza mmea. Chini palikuwa pamebaki kipande kidogo chenye alama za meno. "Kimeliwa."

"Sungura gani huyo anayeacha majani mabichi, akaingia chini ya ardhi kutafuta kiazi?"

Shosho akakwangua rundo moja la udongo kwa kijiti. Chini yake hakukuonekana mlango wowote, ila udongo ulioshindiliwa. Alipochimba zaidi kidogo, njia ikafunguka, nyembamba na laini, ikielekea gizani.

"Mwenye nyumba hii hufunga mlango. Hapendi upepo ndani kwake. Nikiwa mdogo, wazee waliomtega walifungua njia hivi, kisha wakakaa kimya. Atakuja kufunga. Tusitikise ardhi, atatusikia kwa miguu yetu."

Wakakaa. Ukungu ulikuwa umewazunguka hata ua hauonekani, na Waithaka yote ilikuwa kama imewekwa ndani ya pamba. Mahali fulani jogoo aliwika, sauti yake ikafika imechoka. Kui alitazama lile shimo dogo jeusi mpaka ikawa kama shimo nalo linamtazama. Aliwaza vijia vilivyopita chini ya viazi, chini ya vyumba, chini ya kitanda chake mwenyewe, na mtu mdogo mwenye manyoya akitembea humo huku akipapasa kuta zake. Akawaza pia boksi lililokuwa mlangoni kwa Odero, limetobolewa matundu ya hewa.

Kimya kilipozidi, maneno yakaja yenyewe.

"Shosho," alinong'ona. "Sikuwaona."

Shosho hakugeuka. "Hukuwaona nani?"

"Sungura wakichimba. Nilimwona Pamba akila jani. Basi. Hayo mengine niliongeza."

Shosho aliweka mkono wake wenye udongo juu ya goti la mjukuu wake. Kabla hajasema lolote, ardhi ilipumua. Punje za udongo ziliteremka ndani ya shimo. Kisha pakatokea uso: manyoya ya kahawia, macho madogo kama mbegu, meno marefu ya rangi ya machungwa. Mnyama alinusa upepo, akaonekana kukasirika kama mtu aliyeachiwa dirisha wazi, akageuka na kusukuma udongo. Sukuma, sukuma. Mlango ukafungwa, na shamba likawa kama halijawahi kuwa na mtu.

"Fuko," Shosho alisema taratibu.

Kui aliruka. "Ni fuko! Naenda kumwambia Baba Joyline ni fuko!"

"Ngoja. Hilo la fuko nitalisema mimi, nami nitamwonyesha mjomba wako shimo. Lako ni lingine. Lipeleke wewe."

Kui alisimama kidogo. Lile la fuko lilikuwa jepesi, angelipeleka mbio. Hili lilikuwa zito, lakini alikimbia nalo hivyo hivyo.

Alimkuta Odero langoni, boksi likiwa kwapani. Joyline alikuwa nyuma yake, na Kiragu alikuwa anafungua kufuli.

"Baba Joyline, shikamoo. Nilisema uongo. Sikumwona Pamba akichimba. Alikula jani moja tu."

Kiragu aliacha kufuli. "Si ulisema kwa macho yako?"

"Macho yaliona sungura, anko. Shimo liliongezwa na mdomo. Nisameheni. Joyline, nisamehe."

Odero akaweka boksi chini kwa upole, kama tofali la mwisho juu ya ukuta. "Umeniokolea nauli," alisema.

Shosho alifika na jembe lake, akaeleza kuhusu fuko. Walikubaliana viazi vipandwe kwenye magunia ya udongo yaliyoinuliwa juu ya mawe, na Odero akasema mawe anayo. Kiragu naye aliomba msamaha kwa kuhukumu kabla hajainama kutazama.

"Sikilizeni, watoto wangu," Shosho alisema. "Kukisia si dhambi. Hata mimi nilianza kwa kukisia. Lakini ukisema 'nimeona,' mtu mwingine atatenda kwa neno lako. Macho yako yanapoishia, mdomo nao uishie hapo."

Joyline alikuwa amemtoa Pamba kwenye boksi, akamkumbatia shingoni. Kui alitazama yale masikio marefu, meupe kama ukungu.

"Naweza kumbeba?"

"Kesho," Joyline alisema. "Leo bado nimekasirika."

Kui aliitikia kwa kichwa, kisha akaenda kumsaidia Shosho kujaza magunia.