Tandiko Lisiloonjwa

Kila siku, jua likichomoza, Kijiti alikuwa keshazoa mavi ya farasi wanane, keshajaza maji hori zote, na keshafokewa na mjomba wake mara tatu. Hapo ndipo furaha yake ilipoanza, kwa kuwa kazi iliyofuata ilikuwa kupanda farasi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba kama ufito, lakini akikaa mgongoni mwa Mpole hakuna aliyemcheka. Mpole alikuwa farasi mtulivu kupita kiasi. Kuku walitaga kati ya miguu yake, naye aliyakwepa mayai kwa ncha ya kwato kama bibi harusi anayeruka dimbwi.

Nyuma ya mabanda palikuwa na karakana ya mzee aliyeshona matandiko ya farasi. Tandiko la farasi huitwa pia saruji, na mlangoni aliandika FUNDI SARUJI. Basi kila wiki alikuja mtu na toroli kuulizia mifuko kumi.

"Ninayo moja tu," mzee alimjibu, "nayo ina vikuku vya kutia miguu."

Babu Saruji, kama alivyoitwa, alikuwa na shazia saba, zile sindano nene za kushonea ngozi na magunia. Alikuwa pia na sheria mbili. Kwanza, asiguse mtu kisanduku chake bila ruhusa. Pili, tandiko lisitoke kabla ya kuonjwa. Alilipindua, akalaza shavu upande unaokaa mgongoni mwa farasi, akakandamiza kwa uzito wake wote huku amefumba macho.

"Limeiva, Babu?" Kijiti alizoea kumtania.

"Limeiva, ila chumvi haijakolea."

Jumanne, mshono wa tandiko la Mpole ulifumuka. Babu alikuwa amekwenda kung'olewa jino, na mashindano ya kupanda farasi yalikuwa Jumamosi. Kijiti akafungua kisanduku, akachukua shazia, akaanza kushona harakaharaka. Katikati ya kazi mjomba akamwita kwa sauti ya kutikisa mabati. Aliporudi, akafunga uzi wa mwisho kwa vidole. Shazia haikuonekana. Akapapasa sakafuni, akatikisa majani makavu, wapi!

"Itakuwa imeangukia huko," akajisemea. Kuonja hakuonja.

Jumatano asubuhi binamu yake, mtoto wa mjomba, alimpanda Mpole ili kumchangamsha. Alipokaa tu, Mpole alipiga ukelele ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akajipinda, akamtupa kijana kwenye uzio. Mfupa wa bega ukalia kama ukuni mkavu. Teke lililofuata liliuvunja mlango wa banda, na la tatu liliirusha ndoo juu ya paa. Ndoo hiyo iko huko mpaka leo, ndege wanaogea ndani yake.

"Mkaidi!" mjomba akanguruma. Akamfunga Mpole kwenye nguzo, akamchapa mjeledi mpaka damu ikachuruzika mapajani.

Alhamisi daktari wa mifugo alilipapasa tandiko, hakukuta kitu, ndipo mjomba akampanda mwenyewe. Alirushwa juu, akatua horini kifudifudi, akaibuka amepungukiwa na meno mawili. Mjeledi ukarudi. Mpole alitoa povu jekundu, akang'ata nguzo. Kijiti aliziba masikio.

"Mjomba, basi!" alilia.

"Nyamaza! Kesho asubuhi mtu wa machinjio anamfuata."

Ijumaa asubuhi Kijiti alikuwa akimwosha Mpole vidonda kwa maji ya chumvi. Farasi alitetemeka kila alipoguswa. Mgongoni, mahali ambapo mjeledi haukufika, Kijiti akaona tundu dogo jeusi, na damu imegandia ukingoni. Akajua shazia iko wapi.

Lori la machinjio lilikuwa limeshasimama getini. Mwenye lori, mtu wa mabuti marefu, akamtia Mpole kamba ya shingo. Mpole akamrukia kwa meno, mjomba akainua mjeledi. Kijiti akajitupa katikati, na ncha ya mjeledi ikamchana mkono.

"Ni mimi, Mjomba! Nilishona tandiko bila ruhusa, shazia ikabaki ndani!"

"Usiniletee hadithi! Daktari wa mifugo alilipapasa tandiko hilo jana, hakukuta kitu."

"Alipapasa bila uzito," alisema Babu Saruji, ambaye asubuhi hiyo alihesabu shazia sita tu na sasa alikuwa amelibeba tandiko lenyewe. Akaliweka chini, limepinduliwa. "Lionje."

"Niweke shavu langu kwenye jasho la farasi? Nitalionja nipendavyo." Na mjomba akajibwaga juu yake kama gunia la viazi.

Lo! Aliruka juu akipiga yowe, akampiga teke yule mwenye lori akaanguka chali, akang'oa mbao mbili za uzio, akazunguka uwanja mzima ameshika makalio.

Babu akauokota mjeledi uliokuwa umeanguka. "Mkaidi sana huyu," alisema. "Tumfunge kwenye nguzo?"

Mjomba alisimama, akayatazama majeraha ya Mpole, akauchukua mjeledi na kuuvunja gotini. Lori likaondoka tupu.

"Shazia ilikupotea kwa bahati mbaya, mjukuu wangu," Babu alisema huku akimfunga Kijiti kitambaa mkononi. "Hilo ningekusamehe hapohapo. Lakini siku tatu ulikaa kimya kwa kusudi, na aliyeumia ni asiye na mdomo wa kujitetea. Ukikosea, sema siku ileile. Na mnyama mpole akigeuka mkali, tafuta kinachomuuma kabla ya kutafuta fimbo."

Jumamosi Kijiti hakushindana. Alikwenda kumwomba radhi binamu yake, kisha akarudi bandani. Wiki nne alimwosha Mpole, na wiki tatu kati ya hizo Mpole alimgeuzia mgongo. Siku moja farasi akamwekea pua begani.

Siku hiyo Kijiti alilipindua tandiko, akalaza shavu, akakandamiza.

"Limeiva?" Babu akauliza.

"Limeiva, Babu," alijibu, macho bado ameyafumba. "Ila ngoja nionje tena."