Kliniki Siku ya Kupatwa kwa Jua

Nyumbani kwa Bibi Dominika, wa kwanza kuamka ni Bibi Dominika mwenyewe. Hufagia uwanja mpaka chini ya mikorosho. Huwasha moto na kuinjika uji. Kisha huanza kuita watu.

"Silvano! Jua lenyewe limekuja kukuamsha, na bado umelala!"

Silvano ni mwanawe wa mwisho. Analima korosho na muhogo. Mke wake ni Yuster. Wote watatu wanaishi ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama nyuma ya nyumba yao unaliona bonde, na kule chini mabati ya Ndanda yanang'aa.

Mwaka 2016 Yuster alikuwa na mimba yake ya kwanza. Ilipofika miezi minane, Bibi Dominika alikuwa akimtunza kama yai. Alimkataza kubeba ndoo. Alimkataza kuinama. Samaki akipatikana, kipande kinono kilikuwa cha Yuster.

"Na mimi je?" Silvano aliuliza siku moja.

"Kwani wewe una mimba?"

Jumatano jioni walikuwa wanamenya muhogo huku wakisikiliza redio. Mtangazaji akasema, "Kesho Alhamisi, Septemba mosi, jua litapatwa. Mikoa ya kusini italiona tukio hilo vizuri."

Bibi Dominika aliweka kisu chini.

"Silvano, lete misumari."

Silvano alileta misumari. Alileta pia viroba vitupu vya salfa, ile dawa ya unga wanayopulizia mikorosho. Wakaziba dirisha la chumba cha Yuster. Wakaziba na mianya yote chini ya paa.

"Mama," Yuster alisema, "kesho ni siku yangu ya kliniki. Wiki iliyopita presha yangu ilipanda. Nesi alisema nisikose."

"Utakwenda keshokutwa. Mjamzito hatoki nje jua likipatwa. Akitoka, mtoto huzaliwa na mdomo wazi."

Yuster hakubisha. Alijua jambo hilo linamuuma sana mama mkwe wake. Binti wa kwanza wa Bibi Dominika, Rose, alizaliwa na ufa kwenye mdomo wa juu. Alishonwa hospitali akiwa mdogo. Leo Rose ana duka la vitenge Tandahimba, na kicheko chake husikika hadi duka la tatu. Lakini watu walimlaumu mama yake. Walisema, "Dominika alitoka nje jua limepatwa." Walisema hivyo kwa miaka mingi.

Alhamisi asubuhi Yuster hakutoka chumbani. Ndani mlikuwa na giza na joto. Harufu ya salfa ilimkaba koo. Kichwa kilimgonga. Miguu ilikuwa imevimba, na vidole vyake vya mikono vilijaa kama ndizi.

Saa nne ilipopita, mtu alipiga hodi.

"Hodi hapa! Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Nesi. Karibu."

Alikuwa Nesi Loyce wa zahanati ya kijiji. Kwao ni Bukoba, kwa walaji ndizi, lakini amepanga nyumba ya jirani kwa miaka kadhaa. Kibibi, jirani wa upande wa pili, alikuwa amekaa uwanjani anapepeta mchele. Hakuacha nafasi ipite.

"Nesi wa ndizi! Leo umefunga zahanati uje kula muhogo wetu?"

"Muhogo wenu nitakula, Kibibi, ila kwanza namtaka Yuster. Nimemsubiri kliniki, hakuja."

"Leo hatoki," alisema Bibi Dominika. Akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango. Mlango ukajaa.

"Sawa, Bibi. Basi niruhusu niingie mimi."

Hilo Bibi hakuweza kulikataa. Alisogeza magoti. Loyce aliingia na kipimo chake cha presha. Baada ya muda mfupi alitoka. Uso wake haukuwa na utani tena.

"Presha imepanda sana. Kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli. Hizo ni dalili za kifafa cha mimba. Tukichelewa, tunaweza kumpoteza Yuster na mtoto pia. Naita gari la wagonjwa. Anakwenda hospitali ya Ndanda sasa hivi."

Silvano aliruka kutoka kwenye benchi. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia." Bibi Dominika alirudisha magoti yake mlangoni. "Aende jua likishapona."

Loyce alipiga simu kuita gari. Kisha akaketi chini, karibu na miguu ya Bibi.

"Bibi, jua haliumwi. Funga jicho moja. Nyoosha mkono, kisha uufiche mkorosho ule kwa kidole gumba."

Bibi alifanya hivyo, kwa kununa.

"Mkorosho umekwenda wapi?"

"Utakwenda wapi? Upo palepale. Kidole kimekaa katikati."

"Basi ndivyo ilivyo. Jua ni ule mkorosho. Mwezi ni kidole chako. Mwezi ni mdogo sana kuliko jua, lakini uko karibu nasi zaidi. Unaizunguka dunia. Mara chache hupita katikati yetu na jua, ukalifunika. Halafu unaendelea na safari yake. Wataalamu hupiga hesabu ya safari hiyo, ndiyo maana redio ilijua tangu jana."

"Ni kivuli?" aliuliza Kibibi.

"Ni kivuli cha mwezi, kama kivuli cha mkorosho. Hakina sumu."

"Ustadhi ametuita kuswali," alisema Kibibi.

"Nendeni mkaswali, na Yuster mumwombee. Yeye anakwenda hospitali."

Bibi Dominika hakuondoka kizingitini.

"Kama ni kivuli tu," alisema polepole, "mwanangu Rose alipasuliwa na nini?"

Ungo wa Kibibi ulisimama.

"Bibi, siku hiyo wanayoisema, mimba ya Rose ilikuwa na miezi mingapi?"

"Kubwa. Nilikuwa nimebakiza mwezi mmoja. Nilikwenda shamba kuchimba muhogo. Jua likafifia kidogo, nami sikujua ni nini."

"Sikiliza vizuri. Mdomo wa mtoto huungana mimba ikiwa changa, kabla ya kutimiza miezi mitatu. Usipoungana wakati ule, mtoto huzaliwa na ufa. Watoto hao huzaliwa kila mwaka, jua lipatwe lisipatwe. Siku uliyokwenda kuchimba muhogo, ufa wa Rose ulikuwepo tangu miezi mingi nyuma. Wewe hukumfanya kitu."

Bibi Dominika aliutazama mkono wake. Midomo yake ilienda kama mtu anayehesabu. Alirudia hesabu hiyo tena.

"Mama yangu," alisema hatimaye, "walimtoboa mdomo wa juu wakamtia ndonya, pambo la mti, wakamwita mrembo. Mwanangu alikuja na ufa wake mwenyewe, wakaniita mkosaji. Na wewe Kibibi ulikuwemo."

"Nilikuwa mtoto!" Kibibi alijitetea.

"Ulikuwa na mdomo!"

Kibibi alicheka, kisha akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nisamehe, Mama Rose."

Bibi Dominika akasimama. Kizingiti kikawa wazi.

"Yuster! Mwanangu! Toka humo kwenye salfa. Silvano, mbebee mfuko!"

Lakini Silvano alikuwa katikati ya uwanja. Alikuwa ameitafuta picha yake ya eksirei, ya mwaka ule alipovunjika mguu, na sasa anaiinua machoni alitazame jua.

"Shusha hiyo!" Loyce alifoka. "Utaona mfupa wako na upofu wako pamoja. Usilitazame jua kwa eksirei, wala kwa miwani nyeusi, wala ndani ya beseni la maji. Linachoma jicho bila maumivu. Ukija kujua, jicho limeshaharibika."

"Sasa tutaonaje?"

"Tazama chini."

Wote walitazama chini. Mwanga ulikuwa umepungua, na upepo umekuwa wa baridi kama jioni. Majogoo walikuwa wanawika hovyo. Chini ya mkorosho, kwenye mchanga uliofagiwa, mwanga uliopenya kwenye majani haukuwa na umbo lake la kila siku. Ulikuwa miezi midogo, mamia kwa mamia, yote imepinda upande mmoja.

"Kila kitundu kati ya majani kinachora picha ya jua," alisema Loyce. "Mnaona lilivyomegwa? Pale penye upungufu ndipo mwezi ulipokaa."

Bibi Dominika alimshika Yuster mkono. Akatangulia yeye kuingia kwenye mwanga ule. Yuster akamfuata. Miezi ikapanda juu ya miguu yao iliyo wazi, ikapanda kwenye kanga, ikatulia juu ya tumbo la Yuster.

"Anacheza!" Yuster alisema. "Mama, mtoto anacheza."

"Mwache acheze. Hana habari na mambo haya."

Gari lilifika. Loyce alipanda na Yuster. Bibi Dominika alipanda na sufuria, unga wa uji na mto. Silvano alipanda mwishoni, na eksirei aliiacha nyumbani. Gari likashuka bondeni.

Hospitali walimpa Yuster dawa ya kushusha presha na ya kuzuia kifafa. Madaktari wakaamua mtoto asisubiri tena. Ijumaa mchana, Bibi Dominika alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi. Simu ilikuwa sikioni. Kibibi alikuwa amepiga kutoka kijijini, na nyuma yake zilisikika sauti za wanawake wengi.

Mkunga alitoka. "Bibi, hongera. Umepata mjukuu wa kike."

Simu ikalipuka kwa vigelegele. Kisha sauti ya Kibibi ikapenya, "Mama Rose! Mdomo vipi? Uliza mdomo!"

Bibi Dominika aliweka kiganja juu ya simu.

"Mama yake je?" alimuuliza mkunga. "Presha imeshuka?"

"Inashuka vizuri. Tutamwangalia siku kadhaa bado. Sasa hivi anaomba uji."

Bibi Dominika alirudisha simu sikioni.

"Yuster anaomba uji," alisema.

"Sisi tunauliza mdomo!"

"Nami nimesema anaomba uji," alisema Bibi Dominika. Akaizima simu, akaokota sufuria yake, akaenda jikoni kupika.