Dakika Tano za Bi Zulmira

Bi Zulmira alikuwa na maradhi mawili: presha na mdomo. Presha ilipanda na kushuka. Mdomo haukujua kushuka.

Juni ile, kule Pernambuco, Brazili, mji wao mzima ulijiandaa kwa ngoma ya Mtakatifu Yohana. Zulmira alishashona gauni. Lakini tangu aongezewe vidonge vya presha, kila akiinuka alipata kizunguzungu. Juzi nusura aangukie sufuria ya uji wa mahindi.

"Mke wangu, mwaka huu hatuchezi," alisema mumewe, Genivaldo.

"Usinizike mapema!"

Alijibu hivyo, lakini moyoni aliogopa. Miaka thelathini na minane hawajakosa ngoma ile hata mara moja.

Zahanatini walimkuta muuguzi mpya, Jucileide.

"Karibu, mama. Umekunywa kahawa?"

"Vikombe viwili tu, mwanangu. Na cha tatu hapa mlangoni."

"Basi tusubiri nusu saa. Uende msalani. Kisha uketi, usikunje nne, mkono wazi juu ya meza. Halafu dakika tano kimya."

"Kimya nani?"

"Wewe, mama."

Genivaldo alicheka hadi machozi. "Binti, bora umng'oe jino!"

"Kwani zamani ulipimwaje?" Jucileide aliuliza.

"Nikiongea! Nilikuwa nampa yule kaka aliyenipima habari za mtaa."

"Lo! Ukiongea, presha hupanda. Kahawa nayo huipandisha. Kipimo kikikosewa, na dawa hukosewa."

Muda ulipofika, Zulmira akafumba mdomo. Dakika ya pili akamwona dirishani jirani yake Creuza, amevaa gauni kama lile aliloshona yeye, ua kwa ua! Jasho likamtoka. Aling'ata leso, akavumilia.

Jucileide alipima mara mbili. "Mbona iko chini! Ila usipunguze dawa mwenyewe. Nitakuja kukupima nyumbani wiki nzima, kisha daktari ataamua."

Daktari aliona vipimo vyote, akapunguza vidonge. Kizunguzungu kikaisha. Siku ya ngoma Zulmira alicheza hadi kisigino cha kiatu kikang'oka. Creuza alichoka mapema, asante Mungu.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Genivaldo kupimwa. Aliketi kimya, mkono mezani. Zulmira akasimama mlangoni, akawageukia wagonjwa wote waliokuwa wakinong'ona.

"Nyamazeni!" alipiga ukelele. "Mume wangu anapimwa!"

Genivaldo aliruka kitini. Jucileide akatazama kipimo, akatikisa kichwa.

"Imepanda. Tutarudia," alisema. "Na wewe, mama, kasubiri ng'ambo ya barabara."